Mashemasi Wawili wa 1885 na Kipengele cha Sita cha Katiba Yetu



Kamati ya jubilei iliponiomba niandike ukurasa wa historia, nilijibu kwamba historia ya kwaya yetu imekwisha kuandikwa kurasa za mbele huko, pamoja na picha za sare zote tulizowahi kushona, hata ile ya rangi ya chungwa ambayo wengi tungependa isahauliwe. Nikaomba niandike historia nyingine, ya zamani kuliko kwaya na kuliko hata kanisa letu hapa Miritini, lakini iliyotokea karibu nasi. Nilikuwa na sababu. Jumamosi ya pili baada ya sherehe hizi tuna mkutano mkuu wa kwaya, na katika ajenda limo pendekezo la kufuta kipengele cha sita cha katiba yetu.

Kwa wageni wetu wa leo: kipengele hicho kinasema kwamba mwenyekiti, mwalimu na mlezi wa kwaya sharti wawe na sifa alizoandika mtume Paulo katika 1 Timotheo sura ya 3 na Tito sura ya 1. Vijana wetu wanasema sifa hizo zilikuwa za maaskofu wa zamani, wa nchi nyingine, na kwamba kwaya ni ya kuimba tu. Wazee wanasema Neno halizeeki. Mimi nimekuwa katibu wa kwaya hii kwa vipindi vitatu, na ni mkono wangu uliokinakili kipengele hicho katika daftari la katiba, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Nianze na kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita dada mmoja, aliyefundisha alto kwa muda mrefu kuliko mwalimu yeyote tuliyewahi kuwa naye, alipendekezwa kuwa mwenyekiti. Ndugu mmoja akasimama na Biblia mkononi, akauliza: dada huyu atakuwaje mume wa mke mmoja? Watu wakacheka. Dada akaomba jina lake liondolewe. Tukamchagua mtu mwingine, na kabla ya kumpigia kura tulimuuliza swali moja tu: je, ana ndoa ya kanisani? Alikuwa nayo, na cheti akaleta. Hatukuuliza jambo jingine lolote. Baada ya mwaka mmoja na nusu kwaya ilikuwa imegawanyika makundi mawili yasiyosalimiana, na fedha za kununulia kinanda hazikuweza kuelezwa. Nilipokuwa nikipekua kumbukumbu za mikutano kwa ajili ya kijitabu hiki, nilisoma tena mistari ile ya Paulo, nikaona haya. Kupenda fedha kumo. Ugomvi umo. Vyote vimo palepale ndugu yetu alipoweka kidole, mstari unaofuata tu. Na mimi katibu nilikuwa nimekaa mezani nikiandika kwamba hoja imepita.

Basi twende Rabai.

Ukipanda matatu hapa Miritini ukielekea Mazeras, kisha ukakunja kulia, haichukui muda utafika mahali Injili ilipopandwa mara ya kwanza bara hii katika nyakati hizi za karibu. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka huohuo mkewe Rosine alifariki, na kitoto chao kichanga pia, wakazikwa upande wa Nyali ng'ambo ya kisiwa. Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, na wawili hao wakahamia Rabai. Mazao yalikuwa haba. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu, mwaka 1851, akiwa karibu na kufa. Miaka ya mwanzo ya 1860 akabatizwa mzee Abe Gunja pamoja na mwanawe Nyondo, aliyepewa jina la Isaac. Rebmann alikaa Rabai karibu miaka 30 bila kurudi kwao, hata macho yakapofuka, na alipoondoka mwaka 1875 ni Isaac Nyondo huyo aliyemshika mkono mpaka Ulaya.

Hapo ndipo penye jambo langu. Mwaka 1875 ulikuwa mwaka wa 31 tangu Krapf atie mguu Mombasa, na CMS hapa kwetu haikuwa imemweka wakfu Mwafrika hata mmoja, si kasisi, si shemasi.

Sasa fungua Matendo ya Mitume sura ya 14. Paulo na Barnaba wanahubiri Listra, Ikonio na Antiokia, Paulo anapigwa mawe, na wakirudi kwa njia ileile wanawachagulia wazee kila kanisa. Safari moja tu. Fungua na Tito sura ya 1: Tito ameachwa kisiwani Krete aweke wazee mji kwa mji, na Paulo anampa orodha ya sifa ili kazi ifanyike, siyo ili icheleweshwe. Kuna jambo dogo hapo ambalo mimi nilisoma miaka mingi bila kuliona. Timotheo alikuwa Efeso, kanisa lililokwisha kukomaa kidogo, naye anaambiwa kiongozi asiwe mtu aliyeongoka juzi. Tito alikuwa Krete, ambako kazi ilikuwa bado changa, na katika orodha yake sharti hilo halimo. Mtume yuleyule, sifa karibu zilezile, lakini alipojua kwamba kote kisiwani ni waongofu wapya hakudai kisichokuwapo. Kwa hiyo anayesema orodha ni sheria ya chuma aisome mara mbili. Na anayesema orodha ni ya Efeso peke yake, basi na aeleze kwa nini ilipelekwa Krete.

Mwingereza mmoja, Roland Allen, aliyekuwa mmisionari Uchina, aliandika kitabu juu ya jambo hilihili mwaka 1912, akiwauliza wenzake kwa nini Paulo aliweza kuyaachia makanisa viongozi wao baada ya muda mfupi nao wakashindwa baada ya vizazi. Hawakumpenda sana kwa swali hilo. Aliishia kuishi Kenya, akafariki Nairobi mwaka 1947.

Turudi Rabai. Mwaka 1864 walifika kumsaidia Rebmann vijana Waafrika waliotoka Bara Hindi: William Henry Jones na Ishmael Semler, pamoja na mwenzao George David. Hao ndio wale tuliowaita Waafrika wa Bombay. Walikuwa watoto waliochukuliwa utumwani, wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza, wakapelekwa Bombay na kulelewa katika kituo cha CMS cha Sharanpur, karibu na Nasik. Huko walisoma, walifundishwa kazi za mikono, na walibatizwa. Jones asili yake ilikuwa Myao. Hebu fikiria mtu aliyeibwa akiwa mtoto, akavushwa bahari mara mbili, kisha akarudi Afrika kuwahubiria watu ambao lugha yao haikuwa ya mama yake.

Na mwaka huohuo wa 1864, mwezi Juni, katika kanisa kuu la Canterbury, Samuel Ajayi Crowther aliwekwa wakfu kuwa askofu. Crowther alikuwa Myoruba wa Afrika Magharibi, naye pia aliokolewa kutoka merikebu ya watumwa, mwaka 1822. Chama kilikuwa kilekile, CMS. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba haijulikani kama mtumwa aliyekombolewa anaweza kuwa kiongozi wa kanisa. Upande mmoja wa Afrika alikuwa amefanywa askofu. Upande wetu, Jones na Semler walianza kusubiri, na wakasubiri miaka 21.

Walikosa sifa gani? Nimejaribu kuipima orodha ya Paulo kwao kama tunavyopaswa kuwapima wagombea wetu. Kufundisha, walikuwa wakifundisha. Imani changa hawakuwa nayo, maana walikuwa wamelelewa ndani ya kanisa. Walikuja na wake zao, ndoa za Kikristo. Ukarimu nitauzungumzia chini. Lakini palikuwa na orodha ya pili ambayo haikuandikwa na mtume. Je, wamezoea kusimamiwa? Je, elimu yao inatosha machoni pa Wazungu? Je, Mzungu mgeni aliyeshuka merikebuni jana ataweza kukubali kuwa chini ya Mwafrika aliyekaa kituoni miaka kumi? Orodha hiyo ya pili ndiyo iliyowazuia, na naona ndiyo orodha ngumu zaidi kufuta, kwa sababu haiko katika daftari lolote.

Wakati huo Frere Town ilikuwa imekwisha kuanzishwa. Mchungaji William Salter Price, aliyekuwa akiwalea vijana wale Sharanpur, alikuja na kununua ardhi Kisauni, na mwaka 1875 watumwa waliookolewa wakaanza kuletwa hapo kwa mamia. Mji uliitwa kwa jina la Sir Bartle Frere. Kila anayepita Kengeleni leo anapita chini ya kivuli cha historia hiyo, hata kama anawahi mabasi ya Malindi. Mwishoni mwa miaka ya 1870 msimamizi wa Frere Town alikuwa mlei Mwingereza, J. R. Streeter, mtu wa juhudi katika mashamba na majengo. Lakini aliwatawala watu wale kwa viboko na kwa chumba cha kufungia. Watu waliotoka utumwani wakakuta fimbo ndani ya misheni. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 habari zilifika kwa konsula, zikafika London, uchunguzi ukafanyika, na Streeter akaondolewa.

Paulo ameandika wazi, katika barua zote mbili, kwamba kiongozi asiwe mpigaji. Nilipokuwa kijana nilidhani sharti hilo ni la kuchekesha; nani atampiga mtu kanisani? Lakini lilikuwa hai hapa Kisauni, karne 18 baada ya kuandikwa, na aliyelivunja ni mtu ambaye hakuna aliyewahi kumpima kwa orodha hiyo, kwa kuwa sifa zake zilichukuliwa kwamba zinajulikana. Nyakati hizohizo Semler na Jones walikuwa bado wanasubiri kuthibitishwa.

Haikuwa misheni zote. Majirani zetu Wamethodisti, waliokuwa Ribe na hapa Jomvu, walikuwa na kasisi Mwafrika kutoka Sierra Leone, W. H. During, pwani hii katika miaka ya 1880. Na nje ya misheni kabisa, huko Fuladoyo, Wakristo wa Kigiriama na watumwa watoro walikuwa wamejijengea mji wao wakiongozwa kwa muda na David Koi, mtu aliyetoka Rabai, bila wakfu wala mshahara. Koi aliuawa na wenye watumwa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1880. Sijui mkutano mkuu gani ungempitisha. Kanisa la leo linamhesabu shahidi.

Januari 1885 akafika askofu James Hannington. Alikuwa mtu wa haraka, na mara hii haraka ilikuwa na heri. Tarehe 31 Mei 1885, Jumapili ya Utatu, aliwaweka wakfu Jones na Semler kuwa mashemasi. Mashemasi, siyo makasisi, baada ya miaka 21. Lakini mlango ulifunguka. (Tarehe hiyohiyo ya 31 Mei, mwaka 2017, treni ya abiria ya SGR ilizinduliwa katika stesheni yetu hapa Miritini. Najua hayahusiani. Lakini kila nikisikia honi ya treni ninawakumbuka wale wawili, na sitaki kuwa peke yangu.)

Hakumaliza miezi miwili Hannington akafunga safari ya Uganda kwa miguu, akipitia nchi ya Wamasai, na msafara wa watu wapatao 200. Shemasi Jones alikwenda naye. Walipofika Kwa Sundu, ambako leo tunaita Mumias, askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu 50. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa Busoga pamoja na wengi wa watu wake, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones alisubiri. Habari zilipothibitishwa na wachache walionusurika, ilimbidi awarudishe watu waliobaki, wengi wakiwa wagonjwa, wakiwa na chakula kidogo, nchi nzima ile. Aliwafikisha Rabai mwanzoni mwa Februari 1886, mbele yao wakibeba bendera ya bluu iliyoandikwa Ikabodi, neno la kitabu cha Samweli la kuomboleza utukufu ulioondoka. Mtu aliyehesabiwa hafai kusimamia kituo bila mwangalizi alikuwa amesimamia msafara wa huzuni kutoka Mumias hadi pwani.

Lakini jambo linalonigusa zaidi katika maisha ya Jones si safari hiyo. Ni la watoro, na halina jibu rahisi.

Rabai ilikuwa chini ya uangalizi wa Jones kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakija Rabai, wakijenga vibanda, wakilima, wakija ibadani. Viongozi wa misheni walikuwa wamewaahidi wakuu wa Mombasa kwamba watoro hawatapokelewa. Wakaendelea kupokelewa. Mwaka 1888 wenye watumwa walikuwa wamechoka, na vita ilinukia. Uchunguzi ulipofanywa, ilionekana kwamba katika vituo vya misheni walikuwamo watoro wapatao 1,400, na karibu 900 kati yao wakiwa Rabai. George Mackenzie, mkuu wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa imeanza kutawala pwani, akapatana na wenye mali kwamba walipwe fidia, na siku ya Mwaka Mpya wa 1889 watu wale walipewa hati zao za uhuru hapohapo Rabai.

Sasa pima. Paulo anataka kiongozi awe na ushuhuda mwema kwa watu wa nje. Mwaka 1887 ungekwenda Mombasa ukawauliza wenye mashamba juu ya Jones, wangekwambia ni mwizi wa watumwa. Ungewauliza wakubwa wake, labda wangesema si mtiifu. Ushuhuda wake kwa watu wa nje ulikuwa mbaya, na ahadi iliyotolewa kwa jina la misheni ilivunjwa. Wako Wakristo waaminifu waliosema hivyo wakati ule, na sidhani walikuwa wanafiki. Ahadi ni ahadi, na hatari ya moto kwa Rabai yote ilikuwa ya kweli. Lakini Paulo amesema pia kiongozi awe mkaribishaji wageni. Na mtoro anayegonga usiku, aliyetokea kulekule alikotoka Jones mwenyewe, asipokuwa mgeni ni nani? Sifa mbili za orodha moja ziligongana mlangoni pake. Na tukumbuke kwamba mtoro naye, kabla hajaingia kanisani, alikuwa mtu wa nje. Naye alikuwa na ushuhuda wake juu ya Jones. Mimi nikipewa kura ningempigia Jones, lakini ningeipiga nikijua kwamba nimechagua. Wale wanaosema orodha inajitafsiri yenyewe hawajawahi kukaa na daftari la watu 900.

Nisimalize bila kugusa sharti lile lililotupotosha sisi, la mume wa mke mmoja. Mapokeo ya Kanisa la Orthodox hayamruhusu kasisi aliyefiwa na mkewe kuoa tena, kwa sababu ya usomaji wa kale wa maneno hayo. Kwa kipimo hicho Krapf, aliyemzika Rosine Nyali na kuoa tena mwaka 1856, asingepita. Sisi Waanglikana hatusomi hivyo. Lakini kosa kubwa zaidi lilifanyika kwa upande mwingine. Paulo aliliweka sharti hilo mlangoni pa uongozi. Wamisionari walilichukua wakalihamishia mlangoni pa ubatizo. Mwaka 1888 mkutano wa maaskofu wa Kianglikana huko Lambeth uliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe maadamu hali ni hiyo. Katika vijiji vya Rabai na Giriama kulikuwa na wazee walioamini, waliosikiliza nje ya dirisha miaka na miaka, na wake ambao wangefukuzwa na watoto wao ili mume aingie. Ilichukua miaka 100 kamili. Mwaka 1988, Lambeth hiyohiyo ilikubali wanaume kama hao wabatizwe pamoja na wake zao na watoto wao walioamini, kwa ahadi ya kutooa tena, na aliyeisukuma hoja hiyo ni Mkenya, askofu David Gitari, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wetu. Sharti la kiongozi halikufutwa. Lilirudishwa mahali pake.

Na kwa akina dada: ndugu yetu aliyesimama na Biblia angesoma mistari michache mbele angewakuta wanawake katikati ya maagizo ya mashemasi, na angefika Warumi 16 angemkuta Foibe, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, aliyeaminiwa na Paulo kabla hata Timotheo hajaandikiwa. Kanisa letu hapa Kenya lilichelewa pia. Kasisi wa kwanza mwanamke, Lucia Okuthe, aliwekwa wakfu na askofu Henry Okullu mwaka 1983. Mwaka 2021 Rose Okeno akawa askofu wa Butere. Wanaosema mke mmoja maana yake ni kwamba lazima uwe mwanamume wanapaswa, kwa kanuni hiyohiyo, kumkataa kila mseja, na hapo Paulo mwenyewe angetoka nje.

Kwa hiyo nitapinga pendekezo la kufuta kipengele cha sita. Nawaheshimu vijana wetu walioleta hoja. Walituona tulivyokitumia kipengele, na wakadhani ubaya ni wa kipengele. Mimi naleta marekebisho. Kwanza, kabla ya kura yoyote, mistari yote isomwe kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, siyo neno moja. Pili, swali la ndoa lisiulizwe kabla ya swali la fedha, na swali la fedha liulizwe kwa vitabu vya hesabu mezani. Tatu, kwa kila mgombea, kamati imwendee mtu mmoja wa nje. Hapa Miritini hilo si gumu. Karibu kila mmoja wetu ana jirani Mwislamu, ana mwenye duka anayemkopesha unga, ana mwenye nyumba, ana kijana wa bodaboda anayemrudisha kutoka mazoezi usiku. Waulizwe. Najua baadhi yetu hatutapenda majibu. Mimi mwenyewe nina deni dukani, na nimekwisha kuanza kulilipa kabla kamati haijafika.

Dada wetu wa alto ataongoza wimbo wa tatu mchana huu. Mtamjua kwa jinsi anavyowatazama besi wanapochelewa kuingia. Sijamuuliza kama atakubali jina lake lipendekezwe tena. Mkutano ni saa nne asubuhi katika ukumbi wa kanisa. Daftari la katiba litakuwa mezani, na kumbukumbu za mkutano ule wa zamani pia, kwa mwandiko wangu, kwa yeyote atakayetaka kuzisoma.